Doto Hasumbui

Haya, hiki ninachokusimulia hutakiamini, na mimi sikulaumu. Waliokuwepo pale mtaani Mtendeni, waliokiona kwa macho yao wenyewe, mpaka leo wakianza kukisimulia wanaishia katikati, wanatikisa kichwa, wanaomba maji. Na wala usitegemee jini au mchawi. Ni asubuhi, jua kali, redio ya jirani inaimba, watu kibao uani. Shika simu vizuri twende.

Anifa ni mke wa Idrisa, yule fundi cherehani mwenye fremu ya duka ya kijani. Wanakaa nyumba ya urithi, ya marehemu baba yake Idrisa. Mzee enzi zake alikuwa anaoka mikate, mtaa mzima unakula kwake, na mpaka leo uani kuna tanuri lake la udongo, kubwa, mdomo mdogo, ndani giza. Halitumiki. Kuna kuku mmoja mtetea kalifanya chumba chake cha kutagia, na hakuna wa kumtoa.

Mtoto wao mmoja tu, Shaban, miezi minane. Mnene, mcheshi, na kelele zake usiombe. Akitaka ziwa, mtaa wa pili wanajua.

Sasa kabla ya mfungo wa mwaka jana akaja kaka mkubwa wa Idrisa, Adinani. Huyu ni mkulima wa tumbaku, anakaa porini huko ndani kabisa, kule ile njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji inapopotelea msituni. Kafika kakonda, macho mekundu, kamshika mkono mtoto wa kike wa miaka minne. Doto. Jina linajieleza, ni pacha wa pili. Kulwa wake, wa kiume, alifariki huko huko porini. Malaria, ndivyo ukoo mzima ulivyoambiwa. Na mama yao baada ya msiba alirudi kwao, kichwa hakijakaa sawa, haongei na mtu.

"Shemeji," Adinani akamwambia Anifa, hata chai hajamaliza, "nakuachia huyu. Msimu ukiisha nakuja kumchukua. Hana shida. Hasumbui."

Na kweli bwana. Hasumbui.

Doto unamwambia kaa hapa, anakaa. Unaenda sokoni, unarudi, yuko pale pale, mguu haujasogea. Haombi maji. Hadai pipi. Ukimnyang'anya kitu anakiachia kabla hujavuta. Akiongea, ananong'ona, mpaka uiname. Wenzake wa pale mtaani wakianguka wanapiga kelele kama wamechinjwa, yeye akianguka anainuka, anajifuta vumbi, anatazama huku na huku kama kuna mtu kamwona. Kulia ndiyo kabisa.

Majirani wakampenda. Mama Julieth, anayekaa nyumba ya pili, alikuwa anawaita wanawe anawaonyesha, "Tazameni mwenzenu. Tazameni mtoto aliyelelewa." Na wifi yake Anifa, yaani dada yake Idrisa, Batuli, mama mwenye mdomo wa kutoka kwake Cheyo mpaka stesheni, alikuwa kila akija lazima ajisifu.

"Mmeiona damu ya kwetu?" anasema, kamkalisha Doto mapajani. "Hii ndiyo adabu. Huyo Shaban, wifi yangu, hizo kelele kazitoa kwenu."

"Kwetu tunaimba, wifi," Anifa anamjibu. "Kwenu mnanuna, halafu mnaita adabu."

Wanacheka. Utani wa mawifi. Doto kakaa pale pajani katikati ya kicheko, hacheki.

Kuna kitu kimoja lakini kilitakiwa kiwashtue. Siku hiyo Anifa anamwogesha, anasugua nyayo, anaona chini ya mguu kuna kidonda, kibichi, kipana kama kizibo cha chupa. Kaungua. Ni mkaa. Ina maana alikanyaga kaa la moto, nyama ikaungua, na amekuwa anatembea na kidonda mle ndani na hakuna aliyejua.

"Doto, umeungua lini mama? Mbona hukusema?"

Mtoto akamwangalia usoni, kwa makini, akanong'ona, "Sijalia."

Ona jibu hilo. Kaulizwa kaungua lini, anajibu sijalia. Anifa lilimkaa kichwani, alikiri mwenyewe baadaye. Ila jioni alipomwambia Idrisa, Idrisa akasema mtoto jasiri huyo, akamnunulia ndala za rangi ya waridi, akambeba begani, akamwambia hongera, mwanaume hasa wewe. Wote wakampigia makofi. Na Doto, kwa mara ya kwanza tangu aje, akatabasamu.

Weka hilo tabasamu kichwani.

Basi ikafika siku yenyewe. Saa nne hivi. Idrisa yuko kwenye fremu, Anifa anaanika nguo upande wa barabarani kwa sababu kamba ya uani imekatika. Shaban kamlaza kwenye mkeka, mlango wa nyuma, Doto kamkalisha pembeni yake. Alikuwa kashazoea kumwachia hivyo. Ungemwachia nani mwingine, wakati mtoto mwenyewe akiambiwa usibanduke habanduki?

Shaban akaanza kulia. Zile kelele zake. Anifa akasikia, akasema moyoni nabana hizi kanga mbili nakuja. Hapo hapo ikaingia pikipiki kichochoroni, ile ya Hilari, bodaboda anayempelekea Mama Julieth mkaa. Pikipiki ya Hilari bomba lake la moshi limetoboka, ikipita unadhani nyumba inaangushwa. Ikapita uani, ikaunguruma, ikazimwa.

Na Shaban akanyamaza.

Anifa akashukuru. Akabana na kanga ya tatu.

Anaingia ndani. Mkeka upo. Watoto hawapo.

"Doto."

Chumbani hakuna. Uvunguni hakuna. Chooni hakuna. Akaita tena, sauti ikaanza kupanda. Mama Julieth akachungulia, "Mama Shaban, kuna nini?" Anifa anaonyesha mkeka kwa kidole. Sasa wewe unajua mtaa. Mtu mmoja akasema kaibiwa, ikatosha. Dakika hiyo hiyo uani kumejaa. Wengine wanapiga simu, wengine wanakimbilia barabarani, Idrisa kaja mbio na futi ya kupimia ingali shingoni. Halafu kijana mmoja akauliza swali la kijinga lililokaribia kuua mtu.

"Huyu wa pikipiki kaja saa ngapi?"

Macho yote yakamgeukia Hilari. Hilari kashika gunia la mkaa, meno nje, anadhani utani. Wakamkaba shati.

"Mtoto umempitisha kwa nani?"

"Mtoto gani jamani? Mimi nimeleta mkaa. Muulizeni Mama Julieth, mkaa wake huu hapa."

"Fungua gunia."

Wakafungua gunia. Wakamwaga mkaa wa watu chini. Kofi la kwanza likalia, la pili likafuata, na mwingine kashaokota tofali.

Anifa katikati ya ile fujo alikuwa hasikii mtu. Alikuwa anamwangalia kuku. Yule mtetea. Alikuwa anazunguka tanuri, anapiga kelele, anapanda mdomoni mwa tanuri anashuka, anapanda anashuka, kama mtu aliyekuta chumba chake kimepangishwa. Kuku analalamika nini? Anifa akaenda. Akainama. Akawasha tochi ya simu.

Macho. Aliona macho kwanza. Ya Doto, makavu, hayapepesi, kule mwisho kabisa wa tanuri, kajikunja kama kifurushi. Kifuani kamkumbatia Shaban. Na kiganja chake, kile kiganja kidogo, kimefunika mdomo wa Shaban na pua yake, kimekaza, na mkono wa pili umekaza juu ya ule wa kwanza.

Anifa hakumbuki alivyoingia. Tanuri lile hata mtoto wa darasa la tatu anapita kwa shida. Mabega yalichubuka mpaka damu. Akamkamata Shaban mguu, akamvuta, akatoka naye.

Mtoto kalegea. Midomo ya bluu. Shingo haishiki kitu.

Mwenye tofali kalishusha mwenyewe bila kuambiwa. Mama Julieth akamnyakua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akampiga mgongoni, paa, paa, akamgeuza, akampulizia mdomoni, akamgeuza tena. Idrisa kapiga magoti kwenye mkaa. Anifa anasema Shaban, Shaban, Shaban, kama anamwita mtu aliyeko mbali.

Shaban akakohoa. Akavuta pumzi, ndefu, yenye mlio. Halafu akalia.

Watu wakaanza kusema Alhamdulillah, Mama Julieth anajipiga ishara ya msalaba. Na hapo, kabla hata hawajamaliza, Doto akatoka kwenye tanuri. Kajaa majivu na manyoya ya kuku. Hakukimbia. Alikuja moja kwa moja, haraka, akapenya katikati ya miguu ya watu, akapeleka kiganja tena kwenye mdomo wa Shaban.

Ndiyo. Mbele ya watu wote. Tena.

Idrisa akamdaka mkono. Na yule mtoto asiyesumbua, anayekiachia kitu kabla hujavuta, akapigana. Anavuta mkono, anamtazama Shaban, anamnong'oneza, "Nyamaza. Nyamaza. Kulwa alilia."

Mtaa mzima ulisikia. Kwa mnong'ono ule ule.

"Kulwa alilia," anarudia. "Kulwa alilia."

Aliyewapeleka hospitali ni nani? Hilari. Na shavu lake limevimba vile vile. Anifa kapanda nyuma na mtoto, Hilari anaendesha huku anasema, "Shika vizuri dada yangu, mimi sina kinyongo, ila shati langu lilikuwa jipya." Muuguzi akampima Shaban, akamsikiliza kifua, akasema yuko salama, wamwangalie tu. Ila alitaka kujua ilikuwaje. Anifa akamweleza yote, mpaka lile kaa la moto. Muuguzi, mama mtu mzima, akaacha kuandika.

"Huyo binti kwenu mnamwonaje?" akauliza.

"Mpole. Hana usumbufu."

"Mtoto wa miaka minne asiyesumbua," akasema yule mama, "mimi huyo ndiye ningeanza kumleta hapa."

Walivyorudi nyumbani, Idrisa akampigia Adinani. Akaweka sauti kubwa. Wifi Batuli keshafika kutoka Cheyo, kakaa kwenye kochi na mtandio wake, anasikiliza. Doto kaogeshwa, kakaa pembeni mwa mlango pale alipoambiwa akae.

"Kaka," Idrisa akasema, "Kulwa alikufa na nini?"

Kwenye simu ukasikia kuku wa huko aliko.

"Si niliwaambia. Malaria."

"Kaka. Doto kasema."

Anifa alidhani kakata simu. Halafu Adinani akaanza kuongea, na sauti haikuwa yake, ilikuwa kama ya mtu anayesoma kitu asichokielewa.

"Pale tulipolima ni hifadhi. Mlikuwa mnajua na mlikuwa hamjui. Askari wa msitu walikuwa wanapita doria, wanakuja na pikipiki. Ukikamatwa ni jela. Kwa hiyo tukisikia mlio, tunaingia kwenye bani. Lile banda la kukaushia tumbaku, chini lina tanuri la kuwekea kuni. Kama halijawashwa unaingia humo na watoto mnakaa. Siku ile Kulwa alikuwa na homa. Analia. Mama yake akamziba mdomo. Tulijua watapita tu, si huwa wanapita."

Sauti ikashuka, Idrisa akaisogeza simu.

"Hawakupita. Walikaa. Wakachuma mahindi yetu, wakachoma, wakala, wanapiga stori wanacheka. Sisi tuko chini yao. Mama yake kaziba tu. Mimi namwona anaziba. Walipoondoka akatoa mkono."

Batuli kwenye kochi kavuta mtandio kajifunika uso.

"Na Doto?" Anifa akauliza. "Shemeji, Doto alikuwa wapi?"

"Katikati yetu. Alikuwa anatuangalia." Hapo ndipo Adinani akavunjika. "Yeye hakulia. Tukamsifu, shemeji. Ningefanyaje? Tulimbeba, tukamwambia hongera Doto, wewe ndiye umetuokoa, wewe mtoto mzuri, hujalia. Kila siku tulikuwa tunamwambia hivyo."

Sasa rudi kwenye lile tabasamu. Ndala za rangi ya waridi. Makofi. Hongera, hukulia. Anifa aliangalia mlangoni pale Doto alipokaa, miguu imebanwa, mikono mapajani, akaelewa. Walikuwa wanamfundisha somo lile lile. Nyumba nzima, mtaa mzima, kwa upendo kabisa. Na mwanafunzi kafaulu mpaka kaanza kumfundisha Shaban.

Batuli akafunua uso.

"Aondoke," akasema. "Leo jioni haiwezekani, ila kesho asubuhi nakuja na bajaji, tunampeleka stendi, anakwenda Isikizya kwa shangazi yetu. Kule hakuna mtoto mchanga."

"Dada, shangazi haoni vizuri," Idrisa akasema. "Atamlea vipi?"

"Kwani huyu analelewa? Huyu anakaa tu. Umwambie kaa, anakaa. Hata kipofu anamweza."

"Jana ulikuwa unasema damu ya kwenu, wifi," Anifa akasema polepole.

"Na leo nasema Shaban, mtoto wa kaka yangu, kaponea tundu la sindano. Huyu ni damu, na yule ni damu. Mimi nachagua aliye hai asife. Wewe mama yake unachagua nini?"

Idrisa akainamisha kichwa. Akasema kitu ambacho wanaume hukisema wakishindwa. "Anifa, mtoto ni wako, wewe ndiye unayeshinda nao. Utakalosema ndilo hilo."

Asante sana, Idrisa.

Asubuhi Anifa alimfunga Shaban mgongoni hata kabla hajawasha jiko. Hakumteremsha. Alikwenda naye mpaka chooni. Maneno ya yule muuguzi yalikuwa yanamzunguka. Alikuwa kamwambia mtoto huyo hajaharibika wala hana roho mbaya, kafundishwa, na kafundishwa katika umri ambao kitu kikiingia kinakaa. Anaweza kufundishwa kingine, akipata mtu wa kumwitikia kila akiguna, kila siku, muda mrefu kuliko mnavyofikiri. Na msimwache peke yake na mdogo wake, hata dakika. Kwa hiyo hakuna aliyemdanganya Anifa. Hatari ilikuwepo, kaambiwa, kaiona mwenyewe midomo ya bluu.

Akafungasha nguo za Doto kwenye mfuko wa rambo. Magauni mawili, sweta. Hata hakumwambia anakwenda wapi, maneno hayakutoka. Akageuka kuchukua mafuta ya kupaka, kugeuka tena, Doto keshaubeba ule mfuko, keshavaa ndala, kasimama mlangoni. Hajauliza. Hajashangaa. Kasimama kama abiria.

Nje bajaji ikasimama. "Haya wifi, mlete," Batuli akaita, "dereva ana wateja wengine."

Anifa akachuchumaa mbele ya Doto, Shaban mgongoni anamvuta nywele.

"Doto. Unataka kwenda?"

Mtoto akamwangalia usoni. Kwa makini kabisa, kama anatafuta pale usoni jibu gani ndilo zuri. Hakuliona. Akanong'ona, "Nakwenda."

"Sijakuuliza hivyo mama. Unataka?"

Doto akaushika mfuko vizuri.

"Kama hutaki, sema sitaki. Nitakusikia. Hakuna atakayekupiga."

Bajaji ikapiga honi. Doto akashtuka, macho yakaenda kwa Shaban, moja kwa moja, kwenye mdomo wake. Anifa aliona. Aliona na vidole vilivyojikunja. Akataka kusimama ampeleke mwenyewe mbio mpaka kwenye kiti cha bajaji. Hakusimama. Akavishika vile vidole, akavikunjua kimoja kimoja, akaviweka shavuni kwake.

"Sema tu. Hata kwa kelele."

"Sitaki," Doto akasema. Kidogo sana. Na hapo hapo akafumba macho, akakaza mabega, anasubiri.

Hakuna kilichotokea. Anifa akamtoa mfuko mkononi, akauweka chini, akaenda mpaka nje.

"Wifi, nisamehe. Haendi."

Batuli alimtazama yeye, akamtazama Shaban kule mgongoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Anifa zaidi.

"Sawa," akasema. "Ila ikitokea tena, Anifa, usinipigie simu. Sitakuja kuzika." Akamgonga dereva begani, bajaji ikaondoka.

Anifa akabaki barabarani. Mpaka leo hajui kama kafanya ujasiri au kafanya ujinga. Kanga ya kumfungia Shaban imemchora alama begani, maana hamteremshi. Na Doto? Juzi aliangusha kikombe, kikavunjika, akasema "aa" kwa sauti. Ni hilo tu.

Sasa niambie wewe, na usinijibu harakaharaka. Mwanao wa miezi minane yuko mgongoni, jana tu alikuwa wa bluu. Mlangoni kasimama mtoto wa miaka minne aliyemfanya hivyo, kafumba macho, anasubiri umpige. Bajaji iko nje, inangoja. Ungekuwa wewe ndiye Anifa, ungefanya nini?